Aliyeshindwa Amchukue Mama

14 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa kona moja. Nilidhani ni machozi, mpaka nikaona na ya jirani imelowa vilevile, basi nikajua ni tarishi na mvua. Sisi hatujambo. Shemeji yako mgongo umemkamata tangu alipobadili tairi la lori peke yake, sasa analala sakafuni na kuugulia kama mwanamke wa kwanza kujifungua duniani. Ofisini tunapima upya viwanja vya bondeni. Kila mwenye kiwanja anaapa kwamba jirani yake amehamisha jiwe la mpaka, na naamini wote wanasema kweli.

Tuje kwenye lako. Unasema umepata nafasi ya chuo cha ufundi wa meno, mwaka mmoja, unalala bwenini, kuanzia Januari ijayo. Unasema hawapokei mtu aliyetimiza arobaini, kwa hiyo hii ndiyo nafasi yako ya mwisho. Hongera. Halafu unasema umekaa na mama miaka sita na sasa ni zamu yangu. Zamu iliyopangwa na nani? Mimi sikuwepo kwenye kikao hicho.

Siwezi kukaa na mama. Mwanamke aliyenichapa mwiko wa mgongo mbele ya mchumba wangu, kwa sababu ya sufuria iliyoungua, hawezi kulala chini ya bati langu nikapata usingizi. Wewe alikucheka tu. Mimi alinipiga. Kuchekwa hakuachi kovu.

Tukipiga kura utasema nimeichezea. Tukiwaita wazee wa ukoo watasema mkubwa ndiye mwenye wajibu, na mimi siwataki. Kwa hiyo nakupa njia ya haki kuliko unavyostahili. Jumapili ya tatu ya Oktoba kuna zile mbio za barabarani hapo mjini kwenu, za kilomita ishirini na moja, ambazo nakuja kukimbia kila mwaka na wewe hutoki hata kunipungia mkono. Jiandikishe. Aliyeshindwa amchukue mama. Aliyetangulia awe huru asiulizwe tena. Hakuna rufaa na hakuna kulialia. Nimekuzidi miaka kumi na moja, na hiyo nakupa bure.

Jibu kwa barua, usipige simu. Unajua tukisikiana sauti tunavyogeuka. Mama ndiye aliyetuapisha baada ya kumzika baba kwamba mambo yetu yawe ya kuandikiana, kwa kuwa hasira haiwezi kungoja stempu. Ndilo neno la busara pekee nililowahi kulisikia kwake.

Dada yako.


6 Februari

Dada,

Shikamoo. Pole kwa mgongo wa shemeji, mwambie alale chali na mto chini ya magoti.

Mama hajambo. Jicho la kulia ukungu umezidi. La kushoto anaona kivuli cha mtu, lakini hamtambui mpaka azungumze. Ulimi hauna ukungu. Jana nilimpelekea chai akairudisha mara tatu, ya kwanza ya moto, ya pili baridi, ya tatu akasema ina harufu ya mikono yangu. Mikono yangu ina harufu ya jasi, dada, kwa sababu kutwa nzima nafinyanga fizi za meno bandia karakanani. Anaishi kwa mshahara wa jasi hiyo.

Unasema kuchekwa hakuachi kovu. Nilipokuwa na miaka kumi na tatu aliwaita wageni waje waone miguu yangu, akawauliza kama walishawahi kuona meza inayotembea. Mpaka leo sivai sketi fupi. Lakini hatuandikiani ili tupime nani aliumia zaidi.

Nimekubali. Kwa kuwa wewe una tabia ya kugeuza maneno, nayarudia, na barua hii uitunze: mbio moja, kilomita ishirini na moja, muda ni ule wa mashine ya waandaaji. Nikikushinda unakuja kumchukua mama kabla ya mwaka kuisha. Ukinishinda naandika kwa chuo kwamba siendi, na sitakutajia habari hizi mpaka tuzikwe.

Jana nimeanza. Nilikimbia kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji, ambapo si mbali hata kidogo. Nilifika nimeshika magoti, mate yamekuwa gundi, na mbwa mmoja mzee alinipita akitembea. Unaweza kucheka.

Mdogo wako.


1 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka kama ulivyoniruhusu. Nilimsomea shemeji yako habari za mbwa naye akacheka mpaka mgongo ukamshika upya, kwa hiyo na hilo ni kosa lako.

Sitaki nisemwe kwamba nilimshinda mtu asiyejua hata kufunga kamba za viatu. Kwenye kifurushi utakuta viatu vyangu vya mwaka juzi. Vitakubana kidogo, vidole vitazoea. Utakuta na ratiba, nimekuchorea kwa rula. Jumatatu kilomita kumi. Jumanne mlima, kupanda na kushuka mara nane. Jumatano kumi. Alhamisi mbio za kasi mpaka utapike. Ijumaa kumi. Jumamosi mlima tena. Jumapili kumi na nane. Siku ya kupumzika sikuiweka, kupumzika ni kwa watu waliokwisha kushinda.

Mimi mwaka jana nilitumia saa moja na dakika hamsini na tano, nikiwa na mafua. Nakuambia ili ujue unakimbizana na nani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mdogo wangu, lakini zikimbie tu, zitakupunguza kiuno.

Dada yako.


21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, nilikuwa nikifika nyumbani nalala na viatu. Mama ameanza kunitegemea hata kwenda msalani. Ananishika bega, tunakwenda kama treni ya mabehewa mawili, na njia nzima ananieleza ninavyotembea vibaya. Ameacha kula nyama, anasema meno niliyomtengenezea yanamdhihaki.

Nafuata ratiba yako yote. Kucha mbili zimekuwa nyeusi na moja imetoka ndani ya soksi. Muundi wa mguu wa kushoto unauma, hata nikigusa kwa kidole narusha kichwa. Kumi zangu natumia saa moja na dakika ishirini.

Hapa kuna kundi la watu wa kawaida tu, makarani, wauza duka, wauguzi, wanaokimbia pamoja kila Jumamosi asubuhi. Anayewaongoza ni askari magereza mstaafu, wanamwita Afande. Aliniona nachechemea akaniuliza ratiba hii nimepewa na nani. Nikamwambia dada yangu. Akauliza, "Wa damu?" Wananiita nijiunge nao lakini nimewakatalia. Wewe ndiye mwalimu wangu. Niambie basi, mguu huu niupumzishe?

Mdogo wako.


9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Usiupumzishe. Maumivu ni mgeni, ukimtandikia kitanda hahami. Kaza bandeji, meza dawa ya maumivu kabla ya kutoka, na ongeza mlima wa tatu siku ya Alhamisi. Hao wa Jumamosi waache, ni watu wa kukimbia ili wapate pa kwenda kunywa chai.

Saa moja na dakika ishirini kwa kilomita kumi. Mama mwenyewe akishikwa mkono angekukaribia.

Shemeji yako amerudi barabarani. Nyumba imetulia. Sikumbuki lini nilikaa na ukimya mzuri namna hii, na ndio ninaoupigania.

Dada.


12 Julai

Dada,

Shikamoo. Mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Karakanani tumepata oda ya makao ya wazee, seti arobaini za meno, rafu nzima inanichekea kila nikiingia.

Mguu ni uleule. Jumapili nilijaribu kumi na nane nikaishia kumi na tatu, nikarudi nyumbani natembea. Nadhani kama ningekuwa na akili ningekuandikia leo kwamba nimeacha.

Lakini kuna jambo jingine. Mama aliniuliza. Amekuwa akinisikia natoka kila alfajiri na kurudi nikihema, na wiki iliyopita alisema: "Wewe una mwanaume, au una wazimu?" Nikamwambia ni mbio. Akauliza mbio za nini, mwanamke mzima. Nilikuwa nimechoka, dada, nimekaa chini navua soksi iliyoganda damu, na ukweli ulikuwa umefika hapa mdomoni. Nikaurudisha. Nikamwambia wewe na mimi tunashindana, na atakayeshinda ndiye atakayekaa naye. Nikamwambia kila mmoja wetu anamtaka.

Najua nimefanya kosa. Lakini ningemwambia nini? Sasa ameshika hilo, na ukimwandikia salamu usiliharibu.

Mdogo wako.


30 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekawia kwa sababu ya kazi, na kwa sababu barua yako nilikuwa naisoma, naiweka, naisoma tena. Nilicheka. Eti tunamgombania. Wewe ni mwongo hodari kuliko nilivyokulea.

Sitaliharibu. Acha aamini. Mwaka ukiisha nitakuwa nimeshinda, na yeye atabaki kwako ulipo, nawe utamwambia kwamba mshindi alikuonea huruma akakuachia. Utapata na sifa juu yake.

Siku hizi nakimbia mara mbili tu kwa wiki. Watu wa viwanja wamenibana, na kwa mwendo wako sioni sababu ya kujitesa. Nitafika Jumamosi jioni, nitalala nyumba ya wageni karibu na uwanja. Kwako sifiki mpaka tumalize. Shemeji yako atanileta na gari.

Mama alisema nini ulipomwambia? Hukuandika.

Dada yako.


28 Oktoba

Dada,

Sijakuamkia na sitakuamkia leo. Wiki nzima nimekuwa nikikaa na kalamu nikijiuliza nianze wapi, na nimeona nianze na uongo wangu, kwa sababu wako nilishauona zamani.

Afande alipoiona ratiba yako aliikunja akaniambia ni ratiba ya kumpeleka mtu kwa daktari wa mifupa. Hiyo ilikuwa Aprili. Nilikuandikia kukuuliza kama niupumzishe mguu, nikasema moyoni, akinijibu pumzika, nitamweleza kila kitu. Ukanijibu niongeze mlima. Basi nilipumzika mwezi mzima, nikanunua viatu vya saizi yangu, na Juni nikaanza upya na kundi la Jumamosi. Siku nne kwa wiki, taratibu, mpaka mtu anaweza kuzungumza huku anakimbia. Zile kumi na tatu za Julai nilizokuandikia kwamba nilizishindwa, dada, zilikuwa kumi na nane na nilizimaliza naimba. Soksi ya damu ilikuwa ya Machi. Nilikuandikia kila barua ili ulegee, nawe ukalegea.

Sasa siku yenyewe, ingawa ulikuwepo. Nilikuona mbele yangu tangu kilomita ya pili, ile fulana ya njano, na Afande alikuwa amenikanya: usimpite mapema, anayeongoza kilomita ya tano ni mgeni. Nikakaa nyuma yako kama hatua hamsini. Maji nilikunywa ulipokunywa. Ulipogeuka kuangalia nyuma nilijificha nyuma ya jamaa mnene aliyevaa kofia ya karatasi. Mlima wa kilomita ya kumi na sita niliona mabega yako yanapanda, nikajua. Kilomita ya kumi na nane, pale penye kiwanda cha mabati, shavu la mguu lilikukaza ukakaa ukingoni mwa barabara umelishika kwa mikono miwili.

Uliniita. Ulisema, "Mdogo wangu, ningoje, nivute mguu." Hukuniita mpinzani wala mwongo, uliniita kama ulivyokuwa ukiniita ulipokuja kunichukua shule. Nilisikia vizuri. Nataka ujue kwamba nilisikia, usije ukajifariji kwamba kulikuwa na kelele. Nilikupita nikitazama mbele.

Saa moja na dakika hamsini na nane. Wewe saa mbili na dakika tatu.

Uliuliza mama alisema nini Julai. Alijibu kwa mikono. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilimkuta jikoni, anapapasa meza, amewasha jiko mwenyewe, ananichemshia maji. Toka siku ile hakulala nikitoka. Jioni alikuwa anaita, "Lete huo mguu," ananikanda muundi kwa kitambaa cha moto, na hanicheki. Mara moja aliniambia, "Dada yako ana pumzi, lakini wewe una roho." Miezi mitatu nilikuwa na mama, dada. Sikuwahi kuwa naye kabla. Nilikuwa nakandwa mguu na mtu ambaye naukaza mguu huo ili nimkimbie, na nilikuwa naona raha. Siwezi kukueleza ubaya wa raha ile.

Jirani muuza magazeti alimleta hadi mwisho wa mbio, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya kamba, akawa anamtajia rangi za fulana. Nilipovuka mstari alikuwa amesimama. Anapiga makofi kwa upande ambao siko, kwa sababu haoni, na analia. Alinishika uso akasema, "Mwanangu, sijawahi kutakwa hivi na mtu." Kisha wewe ukafika unachechemea.

Yaliyofuata uliyaona. Uliposema, kwa haki yako nakubali, kwamba umekuja na gari na godoro liko nyuma, aliuliza kwa nini aende na wewe. Alisema, "Aliyenitaka ndiye aliyeshinda. Huyu ametembea hatua za mwisho. Angenitaka angekimbia." Akanishika bega.

Nimejaribu wiki nzima. Nimemwambia nyumba yako ina vyumba vitatu. Nimemwambia shemeji ni mpole. Anatikisa kichwa, anasema nisimwonee dada yangu huruma, nilimshinda kwa halali. Dada, chuo kinafungua tarehe tano Januari. Nilishinda. Njoo umchukue, hata kwa nguvu.

Mdogo wako.


10 Novemba

Mdogo wangu,

Nimeona hukuniamkia. Marahaba hata hivyo.

Masharti yalikuwa kwamba aliyeshindwa aje kumchukua. Nilikuja. Godoro lilikuwa nyuma ya gari, shemeji yako alilifunga kwa kamba mbili kabla ya safari kwa kuwa hakuwa na hakika nami, na jirani yako wa magazeti ni shahidi. Aliyekataa ni mama. Kumbeba mama kwa nguvu hatukukubaliana, na barua yako ya Februari ninayo hapa, nimeitunza kama ulivyoniagiza. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kaa humo, maji ni yako.

Usinihubirie kuhusu ratiba. Ndiyo, nilitaka mguu uvunjike. Usingekufa kwa mguu.

Lakini hili la kukuita nalo ulikuwa huna haja ya kuliandika. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba hukusikia.

Unataka chuo? Njia ipo wazi, haina hata mlima. Mwambie mama ukweli, kwa mdomo wako. Mwambie tulikuwa tunakimbizana kumkwepa. Akishaujua atakuja kwangu mwenyewe, maana kwako hatataka kukaa hata siku moja. Ila najua hutaweza. Umengoja miaka thelathini na tisa akusifu, na sasa amekusifu. Umekamatwa, mdogo wangu, na wala si mimi niliyekukamata.

Dada yako.


3 Desemba

Dada,

Nimeweza.

Ilikuwa jana asubuhi, anakunywa chai. Siku hizi hairudishi. Nilikaa mbele yake nikamwambia yote, tangu barua yako ya kwanza. Nilimwambia kwamba aliyeshindwa ndiye aliyepangiwa kumchukua, na kwamba mimi nilikimbia vile ili nisiwe mimi. Sikujitetea na wewe sikukusingizia.

Hakulia. Aliuliza, "Wote wawili mlijua?" Nikasema ndiyo. "Na maji yale niliyokuchemshia?" Nikasema niliyatumia. Akamaliza chai yake taratibu, akapapasa ukutani juu ya kitanda mahali nilipomtundikia ile nishani ya mbio, akaivua, akaiweka mezani upande wangu. Kisha akasema nimfungie vitu vyake. Tangu hapo hajanena na mimi. Anajipeleka msalani mwenyewe, anashika kuta.

Basi linatoka hapa Ijumaa tarehe kumi na mbili saa moja asubuhi, jirani atamsindikiza. Amekataa niende naye stendi. Meno yake ya juu yamelegea, mpeleke yakazwe. Chai anataka vuguvugu.

Nilijua kwamba nitaumia. Sikujua kwamba nitaumia na bado nitafurahi kwamba nakwenda.

Mdogo wako.


25 Januari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii imekukuta bwenini na kwamba umepewa kitanda cha chini, wewe unaanguka usingizini. Shemeji yako anakusalimu. Ofisini ile kesi ya jiwe la mpaka imekwisha, tumegundua kwamba ni sisi tuliopima vibaya.

Mama amekwisha kuzoea nyumba. Analala chumba cha mbele. Shemeji yako anampenda kuliko mimi ninavyoweza kueleza, wanasikiliza redio pamoja. Meno yamekazwa. Mimi hanipigi wala hanitukani. Mgeni akija ananiita, ananishika mkono kwa upole, anasema, "Huyu ndiye mwanangu aliyeshindwa, ndiyo maana niko hapa." Amemwambia mwalimu wa jirani, amemwambia fundi bomba, amemwambia na bosi wangu. Jioni nikifunga kamba za viatu anasikia, anauliza kutoka chumbani kwake, "Unakwenda kukimbia, au unanikimbia?" Nimeacha mazoezi wiki ya pili hii.

Wewe hakutaji. Niliposoma kwa sauti barua yako ya kufika chuoni alikuwa anakuna mkono, akaendelea kukuna. Nilifurahi, nakiri. Nikasema, sasa tuko sawa.

Lakini leo amenisikia nikichana karatasi akauliza namwandikia nani. Nikamwambia. Akakaa kitako akasema, "Andika na langu." Naliandika kama alivyolitamka, sijaongeza wala sijapunguza, na nimemsomea mara mbili akasema ni sawa.

"Mwambie siku ile nilimpigia makofi mpaka viganja vikavimba. Jirani aliniambia nipumzike nikakataa, nikasema huyu ni wangu, anakuja kwangu. Mwambie makofi yale nayataka yarudi."

Nimemuuliza kama kuna lingine. Amesema hakuna, nifunge bahasha.

Dada yako.